Orodha Kwanza, Mechi Baadaye: Wasichana wa Kikapu wa Tabora Waandikwe

Mechi ya nyota wa shule za sekondari, ile inayowakusanya wachezaji bora wa timu mbalimbali na kuwagawa katika vikosi viwili kwa siku moja, si mahali pa kwenda kutafuta mpira wa kikapu wa kiwango cha juu kabisa. Anayeitazama kwa jicho la mwalimu wa mchezo ataona ulinzi uliolegea, pasi za mbwembwe, wachezaji waliofanya mazoezi pamoja kwa siku chache tu, na makocha wanaojali zaidi kwamba kila msichana aliyeitwa anaingia uwanjani kuliko nani anaongoza. Pamoja na hayo, wasichana wanaoitwa huikumbuka maisha yao yote, na waandishi huitaja miaka kumi baadaye wanapoeleza mchezaji fulani ametokea wapi. Matokeo husahaulika upesi. Jina lililoandikwa hubaki. Ndiyo maana naona kwamba Tabora, ikitaka kuandaa mechi ya nyota ya wasichana wa sekondari, na ina kila sababu ya kuitaka, ianze na kazi ngumu na isiyo na shangwe ya kutengeneza orodha, na masuala ya jezi, muziki na mgeni rasmi yasubiri zamu yake.

Mechi mashuhuri zaidi ya aina hii duniani ni ile ya Marekani inayofadhiliwa na kampuni ya McDonald's. Wavulana walianza kuicheza mwishoni mwa miaka ya 1970. Wasichana walingoja hadi mwaka 2002, yaani miaka 30 baada ya sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu ya nchi hiyo, na miaka mitano baada ya ligi ya kulipwa ya wanawake, WNBA, kucheza msimu wake wa kwanza mwaka 1997. Wasichana 24 huchaguliwa kila mwaka na kugawanywa katika timu mbili za wachezaji 12, Mashariki na Magharibi. Majina hutangazwa Januari, na mechi huchezwa mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Kufikia hapo wengi wa wachezaji hao huwa wamekwisha kutia saini na vyuo vikuu tangu Novemba, hivyo kocha wa chuo haendi pale kugundua kipaji. Kipaji kilikwisha kugunduliwa, kikajadiliwa na kugombaniwa. Mechi huja kama sherehe ya jambo lililokamilika, na anayedhani kwamba sherehe ndiyo iliyoleta jambo lenyewe atajenga kitu kisicho na msingi.

Mwaka 2020 uliliweka jambo hili wazi kuliko hoja yoyote ninayoweza kuijenga. Katika orodha ya wasichana ya mwaka huo walikuwamo Paige Bueckers, Caitlin Clark, Angel Reese na Cameron Brink. UVIKO-19 ulipoenea, mechi ilifutwa, na hakuna hata mmoja wao aliyegusa mpira katika uwanja wa nyota. Clark alikwenda chuo kikuu akawa mfungaji wa pointi nyingi zaidi katika historia ya kikapu cha vyuo vya daraja la kwanza nchini Marekani, kwa wanawake na wanaume, akimaliza na pointi 3,951. Wote wanne wameingia WNBA, na wote wanne hutajwa hadi leo kuwa walichaguliwa mwaka huo, ilhali mechi yenyewe haikuwapo. Orodha iliweza kusimama bila mechi. Sijui kama mechi ingeweza kusimama bila orodha, lakini hicho ndicho hasa ambacho mikoa yetu hujaribu kukifanya kila inapoandaa bonanza la shule: wachezaji wanaitwa kwa simu siku mbili kabla, wanavalishwa fulana za rangi mbili, wanacheza, wanapewa soda na cheti, na wiki inayofuata hakuna ofisi inayoweza kusema nani alicheza na alifanya nini.

Nisieleweke kwamba orodha ya Wamarekani haina dosari. Kamati huwaona wale ambao tayari wanaonekana, na msichana anayecheza katika klabu yenye fedha za kusafiri majira yote ya kiangazi huonekana mara nyingi zaidi ya yule anayebaki kijijini kwao. Wala sidharau burudani. Mwaka 2004 Candace Parker, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alishinda shindano la kudunki, yaani kuruka na kuusukumiza mpira kikapuni kwa mkono, lililoambatana na mechi hiyo akiwashinda wavulana, na sidhani kama kuna hotuba kuhusu usawa iliyofanya kazi kubwa kuliko jioni ile. Burudani ina nafasi yake. Ninachosema ni kwamba Parker alikuwa pale kwa sababu mtu fulani alikuwa amemwandika.

Tukija kwetu, Tanzania tayari ina kitu kinachofanana na timu ya nyota, ila hatukiiti hivyo. Ni timu ya mkoa ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Wachezaji hupatikana kuanzia ngazi ya shule, wakapanda hadi wilaya, kisha wilaya zikakutana na walimu wakachuja kikosi cha mkoa kinachoingia kambini na kwenda kwenye mashindano ya taifa, ambayo kwa kawaida hufanyika karibu na likizo ya katikati ya mwaka. Tabora inaujua mfumo huu kwa pande zote mbili, kwa kuwa mwaka 2022 na tena mwaka uliofuata ilikuwa mwenyeji wa mashindano hayo ya kitaifa, na vijana wa mikoa yote walilala katika mabweni yake na kucheza katika viwanja vyake. Kwa maana hiyo, msichana wa Igunga au Urambo anayevaa jezi ya Mkoa wa Tabora katika mpira wa kikapu amekwisha kuchaguliwa kuwa miongoni mwa bora wa mkoa mzima. Yeye ni nyota kwa kila kipimo kinachotumika Marekani.

Tofauti iko katika kinachofuata. Timu ya mkoa huchaguliwa ili ishinde, na hilo ni halali, lakini mwalimu anayechagua ili ashinde huchagua kwa namna yake. Atachukua kikosi cha shule moja ya bweni yenye uwanja wa saruji na wasichana waliozoeana, ataongeza wawili watatu warefu kutoka kwingine, na atakwenda. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, maana muda wa kambi hautoshi kuwafundisha wageni kumi na wawili mfumo mmoja. Matokeo yake ni kwamba mchezaji bora wa shule ya kata iliyoko ndani ya Sikonge au Kaliua, ambaye timu yake ilitolewa raundi ya kwanza, hapati mtu wa kumtazama mara ya pili. Kisha mashindano yanakwisha, jezi zinarudishwa stoo, na karatasi zenye majina zinabaki katika begi la mwalimu mmoja. Akihamishwa kituo cha kazi, kumbukumbu imehama naye.

Watu hupenda kujibu kwamba kipaji cha kweli hakijifichi, na hapo hutajwa Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya wanaume ya Marekani, wa mwaka 2009 na timu ya Memphis Grizzlies. Mfano huo unanisaidia mimi zaidi ya wanaoutoa. Mtu mwenye urefu wa mita 2.21 hahitaji orodha ili aonekane. Ataonekana akiwa amesimama kituo cha daladala. Anayehitaji orodha ni msichana wa mita 1.65 anayecheza nafasi ya kupanga mashambulizi, ambaye ubora wake uko katika kuusoma mchezo, katika pasi inayotangulia pasi ya bao, katika kumzuia mpinzani asipokee mpira mahali anapoutaka. Vitu hivyo havionekani kwa mtu aliyekaa jukwaani dakika kumi akisubiri hotuba ya mgeni rasmi. Vinaonekana kwa mtu mwenye kalamu, aliyekaa meza ya waamuzi mechi tano mfululizo, akiandika asisti (pasi zilizozaa bao), ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtu kukosa kikapu), mipira iliyonyang'anywa na mipira iliyopotezwa.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima lizungumzwe kabla ya kufikiria mechi yoyote ya nyota ya wasichana katika mikoa ya magharibi, nalo ni mpira wa pete. Katika shule nyingi, msichana mrefu mwenye mikono mizuri hupelekwa kwenye pete kabla hajaulizwa, na kikapu huachiwa wavulana na wasichana wachache wa shule zenye uwanja. Sababu ya kwanza ni gharama: pete inahitaji eneo lililosawazishwa, nguzo mbili na chokaa, ilhali kikapu kinataka sakafu ngumu inayoudundisha mpira na ubao unaostahimili vishindo. Sababu ya pili ni historia. James Naismith alibuni mpira wa kikapu nchini Marekani mwezi Desemba 1891, na ndani ya muda mfupi walimu wa kike waliubadilisha kwa ajili ya wanafunzi wao, wakigawa uwanja katika sehemu na kuzuia kukimbia na kugombania mpira, kwa imani ya zama zile kwamba mwili wa mwanamke hauhimili kishindo. Toleo hilo la wanawake lilivuka bahari likageuka kuwa pete huko Uingereza, kanuni zake zikaandikwa mwaka 1901, na likasambazwa katika makoloni pamoja na shule.

Sisemi haya kwa kuidharau pete, mchezo ambao wanawake wa nchi hii wameucheza kwa ubingwa na ambao umewapa wengi ajira katika majeshi na mashirika ya umma. Nasema kwa sababu kuwatenga wasichana na kikapu kamili hakukuwa kwetu peke yetu, na kuna la kujifunza katika namna wengine walivyotoka huko. Katika jimbo la Iowa nchini Marekani, wasichana wa sekondari waliendelea kucheza kikapu cha watu sita kwa sita, watatu wakishambulia tu na watatu wakilinda tu bila kuvuka mstari wa kati, hadi mwaka 1993. Mchezo huo ulijaza kumbi na ulikuwa na mastaa wake. Mwaka 1968 Denise Long alifunga pointi 111 katika mechi moja, na mwaka uliofuata timu ya NBA ya San Francisco Warriors ikamchagua katika uteuzi wake, tendo ambalo wengi waliliona kuwa mzaha wa kujitangaza. Hata hivyo, kwa kuwa kila mechi iliandikwa, jina lake halijafa. Mpito kutoka sita kwenda watano haukuanza na sifuri. Ulikuwa na kumbukumbu za wachezaji, makocha na watazamaji waliokwisha kuamini kwamba mechi ya wasichana ni jambo la jimbo zima.

Kwa Tabora, hii ina maana moja ya kivitendo: mchujo wa nyota wa kikapu usiishie kwa wasichana ambao tayari wanacheza kikapu. Mfungaji wa pete wa shule ya kata ana mikono salama, anajua kuruka na kutua kwa mguu mmoja bila kutembea, na macho yake yamezoea pete iliyo mita 3.05 kutoka ardhini, kwa kuwa urefu wa pete katika michezo yote miwili ni ule ule. Anachokosa ni kudunda mpira huku akikimbia, na kucheza akigusana na mpinzani. Hayo hufundishika. Mwalimu wa michezo anayeandaa orodha ya mkoa na asiende kutazama fainali ya pete ya wilaya amejinyima nusu ya hazina yake.

Swali la mahali pa kuchujia lina jibu jepesi kuliko inavyodhaniwa. Kikapu cha watatu kwa watatu, kilichoingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, kinahitaji nusu ya uwanja, ubao mmoja, wachezaji watatu na mmoja wa akiba kwa kila timu, na mechi huisha kwa dakika 10 au timu ya kwanza inapofikisha pointi 21. Shule zenye ubao mmoja uliosimama na mwingine uliokwisha kuanguka, nazo si chache, zinaweza kuandaa mashindano kamili ya kata kwa asubuhi moja ya Jumamosi. Zaidi ya urahisi huo, mchezo wa watatu hauna pa kujifichia. Katika kikosi cha watano, msichana hodari wa timu dhaifu anaweza asipate mpira kabisa; katika watatu ataugusa kila shambulio, na mwandishi wa takwimu atakuwa na cha kuandika.

Kuhusu mpira wenyewe, hapa kuna kasoro ndogo inayopotosha orodha nzima. Wanawake duniani kote hutumia mpira namba 6, wenye mzingo wa takriban sentimita 72 hadi 74, na wanaume hutumia namba 7, ulio mkubwa na mzito zaidi. Shule yenye mpira mmoja huwa na namba 7, kwa sababu ulinunuliwa kwa ajili ya wavulana. Msichana anayejifunza kulenga kwa mpira mkubwa kuliko kiganja chake huanza kurusha kutoka kiunoni au kwa mikono miwili, na tabia hiyo haimwachi hata akipewa mpira sahihi. Tunaposema wasichana wetu hawalengi mbali, tujiulize kwanza walijifunzia nini. Mipira miwili ya namba 6 kwa kila wilaya ni gharama ndogo mno kulinganisha na turubai na spika za siku ya mechi, nami ningeipigia kura bila kusita.

Kisha kuna vazi. Tabora mjini na Ujiji ni miji ya Waislamu wengi tangu enzi za misafara, na wapo wazazi waliokuwa na sababu ya haki ya kuwazuia binti zao, kwa kuwa kwa miaka mingi kanuni za Shirikisho la Kikapu la Dunia, FIBA, hazikuruhusu kufunika kichwa katika mashindano yake. Aliyeilipia gharama kanuni hiyo ni Bilqis Abdul-Qaadir, msichana wa Massachusetts aliyefunga zaidi ya pointi 3,000 akiwa sekondari na kuweka rekodi ya jimbo lake, akacheza chuo kikuu akiwa amevaa hijabu, kisha akakuta mlango wa ligi za kulipwa za nje umefungwa. Mwaka 2017 FIBA ilibadilisha kanuni na kuruhusu vazi la kichwa kwa masharti ya usalama. Kanuni haipo tena, lakini bado unaweza kumsikia mwamuzi wa mechi za shule akimwambia mtoto avue mtandio. Waamuzi watakaochezesha mechi ya nyota waelezwe mapema, na wazazi waelezwe vilevile, maana mzazi asiyejua kwamba kanuni imebadilika hatamruhusu binti yake hata kufika kwenye mchujo.

Jambo la magoti nitalitaja kwa ufupi ingawa lina uzito. Tafiti za tiba ya michezo zimeonyesha mara kwa mara kwamba wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka ghafla hupata majeraha ya kano ya ndani ya goti mara mbili hadi nane zaidi ya wavulana, na kwamba mazoezi mafupi ya kutua vizuri na kuimarisha misuli ya paja, yakifanywa mara kwa mara kabla ya mechi, hupunguza hatari hiyo. Mechi ya nyota inayochezwa juu ya saruji iliyopasuka, na wachezaji waliosafiri usiku kucha kwa basi, ni mahali pabaya pa kujaribia bahati.

Yapo mapingamizi. La kwanza ni la taaluma: kwamba mtoto wa kidato cha nne mwenye mtihani Novemba hapaswi kuzururishwa na mipira. Watu wa umri wangu wanakumbuka kwamba hoja ya namna hii iliwahi kusimamisha michezo ya shule nchini kwa kipindi fulani, na sikumbuki kuona ufaulu uliopatikana kwa sababu hiyo. Lakini hoja ina punje ya ukweli ikielekezwa kwenye ratiba: mchujo wa watatu kwa watatu ukifanyika Jumamosi za Februari na Machi, na orodha ikitangazwa Aprili, hakuna kipindi kitakachopotea. Pingamizi la pili ni kwamba sifa huwaharibu watoto. Ninakubali kwamba zinaweza, ila ninaona hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, katika mkoa ambao kwa muda mrefu umetajwa miongoni mwa ile yenye ndoa nyingi za utotoni, ambako msichana wa miaka 16 mara nyingi husikia jina lake likitajwa hadharani kwa mara ya kwanza siku ya kutolewa mahari. Kumsifu kwa ribaundi 14 hakuwezi kumharibu kuliko hilo.

La tatu ni fedha, na hapa nina msimamo ambao najua hautapendwa na kila mtu. Kule Marekani mechi ya watoto imebeba jina la kampuni ya vyakula vya kukaanga, jambo ambalo lenyewe lina kichekesho chake, na atakayetafuta mfadhili mwenye uwezo katika Mkoa wa Tabora atajikuta upesi sana mbele ya mlango wa biashara ya tumbaku. Tumbaku imejenga nyumba na kusomesha watoto huku, na mkulima wa Urambo hana kosa. Hata hivyo Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na jezi ya mwanafunzi wa kike si mahali pa kuweka nembo ya bidhaa hiyo, hata kama hundi ni nono. Vyama vya wafuga nyuki, maduka ya vifaa, halmashauri na wanafunzi wa zamani wa shule za Tabora, ambao wamejaa katika ofisi za nchi hii tangu zama ambazo Mwalimu Nyerere alikuwa mwanafunzi hapa, wanaweza kuibeba mechi yenye bajeti ya kawaida. Nasisitiza ya kawaida, maana karatasi za takwimu, mipira na chakula cha wachezaji havihitaji mamilioni mengi.

Swali la nani acheze na nani nalo linahitaji uamuzi. Kugawa nyota wa Tabora katika timu mbili kungetupa mechi ya kirafiki ambayo hakuna anayeumia akishindwa. Ninapendelea Tabora dhidi ya Kigoma. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kipande hicho cha takriban kilomita 400 kimesafirisha wanafunzi kwenda na kurudi kwa vizazi kadhaa. Basi wasichana 12 wa upande mmoja wawafuate wenzao mwaka huu, na mwaka ujao zamu igeuke. Kigoma ina faida yake, kwa kuwa iko jirani na nchi ambazo kikapu kimeshika mizizi. Rwanda iliandaa Kombe la Afrika la wanawake mwaka 2023 mjini Kigali na kumaliza ya nne, na Nigeria iliyotwaa ubingwa huo ilikwenda Paris mwaka 2024 ikawa timu ya kwanza ya Afrika, ya wanaume au wanawake, kufika robo fainali ya kikapu cha Olimpiki. Msichana wa Kasulu hahitaji kutazama Los Angeles ili ajue kwamba jambo hili linawezekana kwa mtu aliye kama yeye. Atazame tu upande wa pili wa mpaka.

Inabaki kazi ya orodha yenyewe. Ningetaka kamati ya watu watano, watatu kati yao wakiwa wanawake, na asiwemo kocha yeyote ambaye timu yake ina mchezaji anayejadiliwa. Kila wilaya iwe na angalau msichana mmoja miongoni mwa 12, hata kama hilo litamwacha nje mchezaji wa nane wa shule kubwa ya mjini, na wazazi wa mchezaji huyo wana haki ya kulalamika na kujibiwa kwa takwimu badala ya porojo. Majina yabandikwe kwenye mbao za matangazo za shule zote za sekondari za mkoa na yasomwe redioni, yakiwa na jina la shule, kidato, nafasi anayocheza na namba alizopata katika mchujo. Nakala moja itunzwe katika ofisi ya elimu ya mkoa, ya pili ipelekwe kwa Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania, na ya tatu, ikiwa na mhuri, apewe msichana mwenyewe, ili siku atakapoulizwa na chuo, klabu au kocha wa timu ya taifa amecheza wapi, asilazimike kumtafuta mwalimu aliyehamia mkoa mwingine.